Kufaulu karatasi ya FA ya ACCA ukijisomea mwenyewe Lubumbashi: mwongozo kamili

Kila matokeo ya ACCA, mitihani ya kimataifa ya uhasibu, yakitoka, malalamiko yanafanana: "Yaya, kitabu nilikimaliza chote, mara mbili, na bado nimekosa." Wanaosema hivyo si wavivu. Wengi walisoma komersiale, wengine wana digrii ya UNILU au ISC, na mchana wanashika hesabu za kampuni zinazouzia migodi vifaa. Lakini wanatumia miezi kusoma, kisha wanakaa mbele ya kompyuta na kutakiwa kujibu kwa Kiingereza, kwa kanuni za IFRS (kanuni za kimataifa za taarifa za fedha), dakika moja na sekunde kumi na mbili kwa kila alama. Mazoezi ya kusoma waliyafanya. Ya kujibu, hapana.

Mwongozo huu unahusu FA, karatasi ya uhasibu wa fedha katika ngazi ya kwanza ya ACCA. Nimeichagua kwa sababu ndiyo watu wa kwetu wanaanza nayo wakidhani wanaijua tayari. Njia ni ile ile kwa MA (uhasibu wa usimamizi) na BT (biashara na teknolojia), na baadaye kwa FR, karatasi ya taarifa za fedha ya ngazi ya pili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua kitabu

- Akaunti ya mwanafunzi wa ACCA, na kadi ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya nje kwa intaneti. Uliza benki yako mapema, kwa sababu kadi nyingine hufanya kazi dukani na kukataa mtandaoni.
- Mtaala rasmi wa FA, unaopatikana bure kwenye tovuti ya ACCA. Mtaala wa FA huenda kuanzia Septemba hadi Agosti, kwa hiyo chukua wa kipindi utakachofanyia mtihani.
- Kitabu kimoja cha masomo na kitabu kimoja cha maswali, vya Kaplan au BPP. Kama makuta hayatoshi, Study Hub ya ACCA na maelezo ya OpenTuition ni bure, na kwa FA vinatosha.
- Kikokotoo kisichohifadhi programu, madaftari mawili, na saa yenye kuhesabu dakika.
- Kompyuta, hata ya kuazima, angalau mara moja kwa wiki. Simu haitoshi.
- Betri ya akiba na taa ya kuchaji. Umeme wa SNEL hautakusubiri umalize swali.

Jihadhari na vitabu vinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye fulashi. Vingi vimezeeka. Kipimo cha haraka: tafuta somo la mapato. Likiwa linafundishwa kwa IAS 18, kitabu ni cha kabla ya 2018, wakati IFRS 15 ilipochukua nafasi yake. Mikataba ya kukodi ikiwa kwa IAS 17, ni cha kabla ya 2019. Kiache.

Vitabu viwili, basi. Anayekusanya kumi hujisikia amesoma.

## Hatua ya 1: Kagua kituo, jina na gharama

FA hufanywa kwenye kompyuta, kwa tarehe ambazo kituo chenyewe kinatoa. Kabla hujalipa chochote, tafuta kwenye tovuti ya ACCA vituo vilivyo wazi na uwaandikie. Uliza mambo matatu: siku zao, ada yao, na kitambulisho wanachokubali. Kituo kinachokufaa kikiwa upande wa Zambia, hesabu safari ya Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka Lubumbashi, na uweke usiku mmoja wa kulala huko. Kuvuka mpaka asubuhi ya mtihani ni kucheza kamari na foleni ya malori.

Jina ndilo linalowaponza wengi. Sisi tuna majina matatu: jina la ukoo, jina la pili na jina la ubatizo, na kila karatasi inayapanga kivyake. Diploma ina mpangilio huu, kadi ya mpiga kura ule, pasipoti mwingine. Jiandikishe kwa jina kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba siku ya mtihani, herufi kwa herufi. Pasipoti ndiyo salama zaidi, hasa ukivuka mpaka.

Kwa gharama, weka bajeti ya vitu vinne: ada ya kujiandikisha, ada ya mwaka (inadaiwa kila tarehe 1 Januari, ufanye mtihani usifanye), ada ya mtihani, na safari. Mwenye digrii anaweza kupewa msamaha wa karatasi fulani, lakini kila msamaha nao una ada yake. Na hata ukisamehewa FA, FR itakudai yale yale, kwa ugumu zaidi. Mtu aliyemaliza chuo zamani ningemshauri aifanye FA tu.

Ukiwa na jibu la maandishi kutoka kituoni na jina lako kwenye akaunti likilingana na pasipoti, endelea.

## Hatua ya 2: Fanya maswali ishirini kabla ya kusoma

Fungua kitabu cha maswali, chagua ishirini kutoka sura mbalimbali, ujibu bila kusoma chochote. Alama si muhimu leo. Kwa kila swali ulilokosa, andika pembeni moja kati ya haya: sikujua kanuni, nilijua kanuni lakini sikuelewa Kiingereza cha swali, nilifanya hesabu vibaya.

Kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa, kundi la pili huwa kubwa kuliko anavyotegemea. Hapo dawa si kozi ya Kiingereza ya miezi sita. FA inatumia msamiati mdogo unaojirudia. Tenga kurasa za mwisho za daftari lako kwa msamiati huo: neno la Kiingereza, lile la Kifaransa unalolijua, na mfano wa namba. Mfano wa namba ndio unaobaki kichwani.

## Hatua ya 3: Vua tabia za SYSCOHADA

SYSCOHADA ni mfumo wa uhasibu wa nchi za OHADA, ndio tuliosomea na tunaotumia kazini. Sehemu hii ndiyo inayotutofautisha na mtahiniwa wa Nairobi au Lusaka, na kitabu cha Kaplan hakitakueleza. Debiti na krediti ni zile zile. Tabia zinazozizunguka ndizo zinazotuangusha.

Namba za akaunti. Umezoea kufikiri kwa 411 kwa wateja, 401 kwa wauzaji, 521 kwa benki, 57 kwa sanduku. Kwenye FA namba hizo hazipo, kuna majina tu. Anayetafsiri kila muamala kwenda kwenye namba kisha kurudi kwenye jina anapoteza sekunde ambazo hana. Kwa wiki ya kwanza, andika kila muamala wa siku yako kazini kwa majina, bila namba hata moja.

Nukta na koma. Tumefundishwa kuandika 1.250,50. Kwenye mtihani hiyo ni 1,250.50, na kwenye kisanduku cha jibu unaandika 1250.50: nukta moja kwa desimali ikihitajika, alama ya kutoa mbele kama jibu ni hasi, basi. Hakuna koma, hakuna alama ya dola. Mtu anaweza kujua somo lote na kupoteza alama hapa.

Gharama ya mauzo. Sisi tunapeleka manunuzi kwenye 601 na mabadiliko ya stoku kwenye 6031, kila moja na mstari wake. FA inataka namba moja: stoku ya mwanzo, jumlisha manunuzi, toa stoku ya mwisho. Stoku ya 8,000, manunuzi ya 60,000, stoku ya mwisho ya 11,000: gharama ya mauzo ni 57,000. Jibu ni moja kwa mifumo yote miwili, ila FA haitakupa njia ya mabadiliko ya stoku. Na sahau ngazi za SYSCOHADA za thamani iliyoongezwa na ziada ghafi. Hapa unashuka kutoka mauzo hadi faida ghafi, kisha unatoa gharama za usambazaji na za utawala.

Kundi la 8 la akaunti. Kuuza gari la kampuni, SYSCOHADA inaweka thamani ya kitabuni kwenye 81 na bei ya kuuzia kwenye 82, nje ya shughuli za kawaida. IFRS haina chumba hicho cha "nje ya kawaida". Gari lililonunuliwa kwa 18,000, uchakavu uliolimbikizwa 11,000, likauzwa kwa 8,500: thamani yake ilikuwa 7,000, faida ni 1,500, na hiyo 1,500 peke yake ndiyo inaingia kwenye taarifa ya faida. Ukiandika 8,500 kama mapato umekosa.

Uchakavu wa kushuka. FA inachukua asilimia iliyotolewa na kuipiga kwenye thamani iliyobaki, bila kuzidisha kigezo chochote. Mashine ya 20,000 kwa asilimia 20: mwaka wa kwanza 4,000, wa pili 3,200. Thamani ya mwisho wa maisha yake huitoi kwanza. Kwenye njia ya mstari ulionyooka ndiko unakoitoa: 20,000 toa 2,000, gawanya kwa miaka 5, ni 3,600 kila mwaka.

Onyo: usifute SYSCOHADA kichwani. Mwajiri wako anawasilisha hesabu zake kwa mfumo huo, na kazi ya mtaalamu huru wa uhasibu nchini inasimamiwa na ONEC, chama cha kitaifa cha wataalamu wa uhasibu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Cheti cha ACCA peke yake hakikupi haki ya kutia saini kama mtaalamu huyo.

Utajua umevuka hatua hii ukiweza kuchukua urari wa kazini, yaani orodha ya salio za akaunti zote (funika jina la kampuni, ni siri ya watu) na kutoa taarifa ya faida na mizania kwa mpangilio wa FA, bila namba za akaunti, ndani ya saa moja.

## Hatua ya 4: Soma kidogo, jibu mengi

Panga wiki kumi na mbili, saa nane hivi kwa wiki. Ukiweza zaidi, vizuri, lakini saa nane unazozitimiza zinashinda kumi na tano za kwenye karatasi.

Kila kikao kiwe hivi: soma mada moja ndogo kwa nusu saa, kalamu mkononi. Funga kitabu. Jibu maswali kumi ya mada hiyo, hapo hapo, kabla ya kula, kabla ya simu. Sahihisha. Baada ya wiki, rudia yale uliyokosa tu.

Kwa nini kitabu kifungwe? Kwa sababu jibu lililo mbele ya macho huonekana rahisi, na ubongo unadhani ulilijua. Kusoma suluhisho la mtu mwingine ni kama kumtazama mama akisonga bukari: unaelewa kila kitu mpaka ushike mwiko.

Chukua swali la aina hii. Matengenezo ya gari ya $800 yaliandikwa kimakosa kama gharama ya kununulia gari. Kampuni inachakaza magari kwa asilimia 20 kwa mwaka, mstari ulionyooka, mwaka mzima. Faida itabadilika kiasi gani baada ya kusahihisha? Msomaji wa kitabu anajibu haraka: inashuka 800. Aliyezoea kujibu anasimama kidogo. Ile 800 ilipokaa kwenye gari, ilichakazwa 160. Ikiondoka, uchakavu huo nao unaondoka. Faida inashuka 640. Na hakika kati ya majibu manne ya kuchagua, 800 itakuwepo ikikusubiri.

Mpangilio wa mada usiwe wa kitabu. Anza na maingizo mawili na kurekodi miamala, kisha urari, ulinganisho wa benki na kusahihisha makosa, kisha taarifa za fedha, kisha hesabu za kundi la kampuni, na uwiano wa kutafsiri hesabu. Nadharia ya mwanzo kuhusu malengo ya taarifa na sifa za habari iachie wiki ya kumi. Inaeleweka haraka ukishakuwa na mifano kichwani, na ukiianza inachosha.

Kuhusu umeme na mega: pakua kila kitu mara moja kwa wiki, ukiwa na mtandao mzuri. Chapa maswali kwenye kibanda cha fotokopi. Siku za kazi zote ziende bila intaneti. Anayetegemea video anapoteza kila jioni ambayo mtaa wake uko gizani, na Katuba au Ruashi hizo si chache.

## Hatua ya 5: Daftari la makosa

Daftari la pili ni la makosa tu. Safu nne: swali, nilichojibu, jibu sahihi, na sababu. Sababu iwe mojawapo ya nne: kanuni, lugha, hesabu, haraka. "Sikuwa makini" si sababu, maana haikuambii ufanye nini kesho.

Kila Jumapili hesabu safu ya mwisho. Kanuni zikiongoza, rudi kwenye kitabu. Lugha ikiongoza, rudi kwenye kurasa za msamiati. Hesabu au haraka zikiongoza, kusoma zaidi hakutakusaidia chochote. Unahitaji saa na maswali. Wengi wanatibu kila kosa kwa kusoma sura upya, na ndiyo maana alama zao hazipandi.

Ukipata mwenzako mmoja anayefanya karatasi hiyo hiyo, badilishaneni madaftari Jumamosi. Mmoja anatosha. Kundi la watu wanane huishia kwenye soga.

## Hatua ya 6: Kundi la kampuni

Mada hii inaogopwa kwa sababu kazini wengi wetu hatuigusi. Lakini maswali mawili marefu ya FA, ya alama 15 kila moja, yanatoka kwenye hesabu za kundi na kwenye kuandaa taarifa za fedha. Hakuna pa kukimbilia.

Fuata mfuatano ule ule kila mara: asilimia ya umiliki, mali halisi (mali ukitoa madeni) za kampuni tanzu siku iliponunuliwa, gudwili (kile kinachozidi mali halisi hizo kwenye bei), faida ambayo haijapatikana, sehemu ya wanahisa wasio na udhibiti, akiba za kundi. Kampuni mama ikilipa 50,000 kwa asilimia 80, sehemu ya wengine ikathaminiwa 11,000, na mali halisi zikiwa 52,000, gudwili ni 50,000 + 11,000 − 52,000, yaani 9,000.

Mtego uko kwenye faida ambayo haijapatikana. Kampuni moja ya kundi inaiuzia nyingine bidhaa za 12,000, ikiweka faida ya asilimia 25 juu ya gharama, na nusu bado iko stoo. Stoo ina 6,000. Usizidishe kwa asilimia 25 upate 1,500. Gharama ni 100, faida 25, bei 125: faida iliyomo ni 6,000 × 25/125, yaani 1,200. Ingekuwa asilimia 25 ya bei, hapo 1,500 ingekuwa sawa. Soma neno hilo la swali mara mbili.

Umeiva ukimaliza swali la kundi la alama 15 kwa dakika 18 bila kuangalia mfuatano.

## Hatua ya 7: Wiki tatu za mwisho, saa na kompyuta

FA ni saa mbili, alama 100: maswali 35 ya alama mbili mbili, na hayo mawili ya 15. Alama ya kufaulu ni 50. Kwa hiyo dakika 84 ni za sehemu ya kwanza, 36 za sehemu ya pili. Swali la alama mbili lisilofunguka kwa dakika mbili na nusu, weka jibu lolote, liwekee alama ya kurudia, endelea. Jibu baya halikati alama, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi.

Fanya majaribio kamili kwenye jukwaa la mazoezi la ACCA, siyo kwenye karatasi. Kuburuta jibu, kujaza kisanduku, kusogea kati ya ukurasa wa swali na wa jibu: hayo ni ujuzi, na haupatikani siku ya mtihani. Siku ya jaribio, zima simu, na umwambie kila mtu nyumbani kwamba kwa saa mbili haupo.

Lipia tarehe ukishapata 65 au zaidi kwenye majaribio mawili tofauti ambayo hukuwahi kuyaona. Kwa nini 65 wakati 50 inatosha? Woga, safari na kompyuta usiyoizoea huchukua alama zao. Mwenye 52 nyumbani anaweza kurudi na 45.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Lubumbashi na Zambia zinatumia saa ile ile. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo kagua simu yako isije ikawa imejipanga kwa saa ya huko.

Beba pasipoti, uthibitisho wa kujiandikisha, kikokotoo, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kama unavuka. Fika mapema. Usifungue kitabu nje ya mlango. Pitia daftari la makosa pekee, kurasa tano za mwisho.

Ndani, anza na sehemu ya kwanza na uangalie saa. Dakika ya 84 ikifika, hama, hata kama kuna maswali matatu hujaridhika nayo. Alama za mwanzo za swali la 15 ni rahisi kuzipata kuliko alama mbili za swali linalokusumbua.

## Baada ya matokeo

Kwa karatasi hizi za kompyuta matokeo hutoka pale pale. Ukikosa, andika jioni hiyo hiyo kila mada unayokumbuka kwamba ilikusumbua. Kesho utakuwa umesahau nusu. Usinunue kitabu kipya. Rudi hatua ya 5 kwa wiki nne, kisha hatua ya 7.

Ukifaulu, ingia MA wakati mkono bado una kasi. Ukifika ngazi ya pili, mpangilio unabadilika: isipokuwa LW (karatasi ya sheria), karatasi zake hufanywa kwa misimu minne tu, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kila msimu una tarehe za mwisho za kujiandikisha. Anayechelewa hulipa zaidi kwa mtihani ule ule, kwa hiyo chagua msimu wako kwanza, kisha uhesabu wiki za kusoma kurudi nyuma.